Naombeni ushauri: kanisa la Kiprotestanti upande wa Kimara lisilokunja uso mtoto akilia

Mgeni wa Kimara (mleta mada), Jumatatu saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Niende moja kwa moja.

Tunaishi Kimara, tuna mtoto wa miezi 16, wa kwanza. Nimelelewa Mlutheri, ila tangu tuhamie huku mwaka wa tatu sasa sijatulia sehemu. Jana nilimbeba tukaenda kanisa moja la jirani (silitaji), ibada ya saa 4. Kwaya ya pili ilivyoanza mtoto akapiga yowe. Nikamtoa, akanyamaza. Nikarudi naye, akaanza upya. Mara ya tatu mhudumu akanifuata akaninong'oneza, "Akitulia ndo urudi naye." Nikakaa nje kwenye kivuli cha tangi la maji mpaka saa 6 na ushee, nikasikia mnada wa ndizi za sadaka unaanza, nikaondoka.

Naomba kujua, kuanzia Ubungo mpaka Mbezi, kanisa gani la Kiprotestanti linapokea vizuri wazazi vijana wenye watoto wadogo? Liwe na jumuiya hai, nipate watu, siyo kuja na kuondoka. Mungu akijalia nataka niwe nimeshajiandikisha kabla mwezi wa 11 haujaisha.

Nawasilisha.

Kifuniko cha Chungu, saa 3:20 usiku

Nimesogeza kigoda. Mada za kanisa humu huanza na mtoto kulia, huishia kwenye gari la mchungaji.

Fundi Mitambo, saa 3:34 usiku

Mleta mada, huyo mtoto alilia spika.

Makanisa mengi ya huku yanajengwa kwa awamu: kuta zimesimama, bati limepigwa, dari bado. Sauti ikipanda inagonga bati inashuka tena, ukuta wa nyuma nao unairudisha, kwa hiyo kukimbilia benchi la mwisho hakukusaidii kitu. Ukikuta wamefunga spika za nyongeza kwenye nguzo za katikati ndo balaa, maana mwenye mitambo amekaa mbele, anazisikia za mbele tu, akiona sauti haitoshi anaongeza zote.

Ingia mapema uangalie spika zilipo na zimeelekea wapi. Kaa pembeni, upande wa dirisha lililo wazi, nje ya mdomo wa spika. Kuwa mbali nayo siyo hoja. Mabenchi manane mbele ya mdomo wake ni pabaya kuliko mawili ubavuni mwake. Kinachomshtua mtoto ni ule mlio wa kwanza wa kinanda. Kwaya ikiitwa tu, viganja viwe vimeshafika masikioni mwake, usisubiri waanze. Na wenye jenereta, ujue iko upande gani kabla hujachagua dirisha.

Mama Pacha wa Tabata, saa 3:51 usiku

Dada pole sana. Ya spika ni kweli, ila na saa umekosea. Mtoto wa umri huo kama kaamka saa 12, saa 4 na nusu usingizi unamdai. Umempeleka kwenye makelele wakati mwili unataka kulala.

Nenda ibada ya kwanza. Sharika kubwa za mjini zinaianza saa 1 au hata kabla, na uzuri wake haiwezi kurefuka, kwa sababu watu wa ibada ya pili wameshajaa nje. Ya pili haina anayeisukuma. Ndo unakuta kwaya tano, wageni wasimame, matangazo, matangazo ya nyongeza, halafu mnada.

Begi: uji mzito kwenye chupa ndogo ya chai, ndizi mbivu, maji, nepi mbili, nguo ya kubadili, kitenge cha kutandika chini. Biskuti acha nyumbani. Zinamwagika unga, na mtoto wa benchi la nyuma naye ataanza kudai. Cha kuchezea kiwe cha kitambaa. Akipenda funguo zifunge kwenye leso zisilie.

Kaa mwisho wa benchi, la tatu au la nne kutoka nyuma, karibu na mlango wa pembeni. La mwisho kabisa ni la wachelewaji, wahudumu wanapita pale kila dakika. Kama bado ananyonya, mnyonyeshe wakati wa masomo, mahubiri yamkute anasinzia. Sadaka ikifika nenda naye mbele, mpe sarafu aitumbukize mwenyewe, ukitoka hapo pitiliza nje mkapunge upepo dakika tano.

Shule ya Jumapili usimwache kwanza. Sehemu nyingi wanapokea kuanzia miaka mitatu hivi, na hata akifika umri, kabla hujamwacha uliza mambo matatu: walimu wako wangapi darasani kwa wakati mmoja (mmoja peke yake hapana), wanaandika jina mtoto akiingia, na nani anaruhusiwa kumchukua. Wakikujibu "hapa watoto wanajuana na mama zao," mrudishe mgongoni.

Moto wa Jumatano, saa 4:05 usiku

Mpendwa, mmekwenda kwenye vyombo mmeacha moyo. Tafuta kwanza wokovu. Kwetu mtoto analia na hakuna anayegeuka, maana wote tunalia mbele za Bwana. Watoto tunawaweka wakfu. Ubatizo wa maji mengi atauomba mwenyewe akijua kutubu. Hakuna bahasha ya sadaka wala namba ya bahasha. Marko 10:14 inatosha.

Kifuniko cha Chungu, saa 4:09 usiku

Mkuu, Fundi kasema spika. Za kwenu zinasikika Kibaha.

Mgeni wa Kimara, saa 4:22 usiku

Asanteni sana. Fundi, hilo la viganja nimelichukua. Mama Pacha ubarikiwe, hata ya kunyonya nimeandika pembeni. Ila bado sijapata jina la kanisa.

Mzee Kengele, Jumanne saa 12:40 asubuhi

Mwanangu, jina nikikupa halitakusaidia. Usharika wenye watu elfu mbili hauwezi kukujua hata ukikupenda. Watakaokujua ni jumuiya.

Kwa Walutheri wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ngazi zinashuka hivi: dayosisi, jimbo, usharika, mtaa, jumuiya. Jumuiya ni nyumba chache za jirani zinazosali pamoja, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwingine. Pengine Jumamosi alfajiri, pengine jioni katikati ya wiki. Pale ndipo wanapojua nani kajifungua na nani kafiwa, na mtoto wako akilia atapokewa na bibi mmoja aliyekwisha kulea sita. Waanglikana na Wamoravian nao wana ibada za nyumba kwa nyumba, majina tu yanatofautiana. Kwa Waanglikana ulizia pia Umoja wa Mama; Mary Sumner, mke wa kasisi wa Kiingereza, aliuanzisha mwaka 1876 kwa ajili hasa ya kusaidia akina mama kulea watoto wao, na parokia nyingine bado wanaukumbuka mwanzo huo.

Fanya hivi. Ibada ikiisha, usikimbilie daladala. Nenda kwenye meza ya wazee, uliza: "Jumuiya ya upande wa Kimara Korogwe inakutana kwa nani wiki hii, na mwenyekiti ni nani?" Kwenye usharika ulio hai utapewa namba ya simu hapo hapo umesimama. Ukiambiwa "njoo ofisini Jumatano," shukuru, jaribu kwingine. Hudhuria jumuiya mara mbili kabla hujatoa jina. Tazama watoto wanakaa wapi. Wakiwa mkekani katikati ya watu, tulia hapo. Wakifungiwa chumbani na simu, hao hawajazoea watoto. Tazama pia maombi yanaanza au mchango ndio unaanza.

Ukiridhika, ndipo barua. Usharika ulikotoka unakuandikia barua ya utambulisho: jina, ulipobatizwa, mwaka wa kipaimara, kama unashiriki Meza ya Bwana. Cheti kimepotea? Katibu anafungua daftari la kipaimara la mwaka wako. Barua anapokea mzee wa kanisa wa jumuiya, anaipeleka kwa mchungaji, unapangiwa namba ya bahasha, basi. Kinachokwamisha watu wengi ni kwenda ofisini moja kwa moja na kumruka mzee wa jumuiya. Mchungaji atakurudisha kwake tu, na yeye atakuwa ameshajua umemruka.

Sasa nami nikuulize. Kwa nini kabla ya mwezi wa 11 kuisha? Anayetafuta watu haweki tarehe.

Mgeni wa Kimara, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo mzee. Ni kujipangia tu, mwaka usiishe hivi hivi.

Kipimajoto, saa 1:31 asubuhi

Nyoosha maelezo. Mwaka unaisha mwezi wa 12, wewe umesema wa 11. Kuna kitu.

Mama Pacha wa Tabata, saa 2:03 asubuhi

Mwacheni dada wa watu apumue, mnamhoji kama yuko kituoni.

Mgeni wa Kimara, saa 6:48 mchana

Sawa. Mama yangu yuko Machame. Ameshazungumza na usharika wa nyumbani, mtoto abatizwe Krismasi ya pili, tarehe 26 Desemba, tukiwa tumepanda kama kawaida ya Wachaga. Wamekubali, ila lazima tuje na barua ya mchungaji wa huku tunakoishi. Na huku sina mchungaji. Gauni limeshanunuliwa, wasimamizi wameshaambiwa, mbuzi ametengwa. Kwa hiyo nahitaji usharika utakaotupokea na kuniandikia barua ndani ya wiki sita au saba. Sioni ubaya. Kanisa ni lile lile, na kweli nataka kusali.

Kifuniko cha Chungu, saa 6:52 mchana

Mbuzi ametengwa. Mtu wa kwanza kutengwa na kanisa kwenye uzi huu ni mbuzi.

Mzee Kengele, saa 7:30 mchana

Kumbe unatafuta mhuri.

Sikulaumu, wengi hukumbuka Oktoba. Lakini elewa barua ile inasema nini. Mchungaji anaandika kwamba wazazi ni washarika wake, wako kwenye ndoa takatifu na wanashiriki Meza ya Bwana. Anatia sahihi kwa kitu alichokiona. Wiki saba, ukiondoa zile za kuulizana ni nani, anakuwa amekuona mara nne. Wapo watakaoandika, wengi watataka mzee wa jumuiya aseme kwanza, na mzee wa jumuiya atatazama bahasha yako ina miezi mingapi.

Njia fupi iliyo halali ni nyumbani. Kama ulipata kipaimara Machame na hukuwahi kuchukua barua ya kuhama, huenda jina bado liko kwenye daftari lao. Piga simu kwa katibu leo, mtajie mwaka. Wakikuhesabu msharika wao, barua ya Dar inaweza kulegezwa, ukaenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, majina ya wasimamizi waliopata kipaimara, na mkahudhuria mafundisho ya wazazi siku ya kuamkia ubatizo au siku watakayopanga. Kwa Krismasi ya pili orodha hufungwa mapema, maana mji wote umepanda.

Ndoa mlifungia wapi?

Mgeni wa Kimara, saa 7:41 mchana

Bomani, 2022. Ndoa halali kabisa.

Wakili wa Kijiweni, saa 7:58 mchana

Halali bila mjadala. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitofautishi hadhi ya ndoa ya bomani na ya kanisani. Mnatoa taarifa ya kusudio siku 21 kabla, hakuna pingamizi, mnafunga. Hata wasiofunga kabisa, wakikaa miaka miwili na zaidi na jamii ikiwatambua kama mke na mume, kifungu cha 160 kinaleta dhana ya ndoa. Japo dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi, na hapo ndo watu hupotea, wanadhani miaka miwili ni cheti. Kuna habari ndefu ya mgawanyo wa mali hapo...

Kifuniko cha Chungu, saa 8:01 mchana

Wakili, mtoto analia nje kwenye tangi, wewe unagawa mali.

Mzee Kengele, saa 8:20 mchana

Kwa serikali imekwisha. Kwa sharika nyingi za Kilutheri, aliyefunga bomani hukaa nje ya Meza ya Bwana mpaka ndoa ibarikiwe. Si adhabu ya milele. Mnamwona mzee wa jumuiya, anawapeleka kwa mchungaji, mnapata mafundisho ya ndoa, mnatangazwa Jumapili tatu, mnabarikiwa na mashahidi wawili. Inaweza kuwa ibada ya kwanza, watu wachache, bila suti wala ukumbi. Mwezi mmoja na nusu unatosha kama mmeanza wote wawili kwa pamoja.

Wote wawili, nasema. Mumeo yuko tayari?

Mgeni wa Kimara, saa 8:26 mchana

Mume ni mimi.

Kifuniko cha Chungu, saa 8:27 mchana

😂😂😂

Mama Pacha wa Tabata, saa 8:33 mchana

SUBIRI.

Kipimajoto, saa 8:40 mchana

CHAI. Tena ya maziwa, imetiwa na tangawizi.

Wakuu nimerudi mwanzo kusoma. Ameitwa "dada" mara mbili, kimya. Kapewa zamu za kunyonyesha, kashukuru, "nimeandika pembeni." Ameandika pembeni kwa ajili ya titi la nani? Halafu anasema alikaa kivuli cha tangi mpaka saa 6 na ushee. Huu ni mwezi wa 10. Jua la Dar kipindi hiki, kwenye saa 6 na dakika kumi hivi, linakuwa utosini kabisa. Kitu kilichosimama wima hakina kivuli. Tangi gani hilo? Huyu katunga, kesho atasema mtoto ni wa jirani.

Fundi Mitambo, saa 8:52 mchana

Kipimajoto yuko sahihi kwa jua. Tangi lililo chini halina kivuli muda huo.

Mgeni wa Kimara, saa 9:04 alasiri

Tangi liko juu ya mnara wa nondo, kama mita nne. Nilikaa chini ya mnara. Jua likiwa utosini kivuli chake kinaangukia hapo hapo chini, ndo maana nilipapata.

Sikusema mimi ni mama. Nimesema "nilimbeba". Kiswahili hakina "he" wala "she", mmejaza wenyewe. Ya kunyonya niliandika nimpelekee mwenye kazi hiyo.

Fundi Mitambo, saa 9:07 alasiri

Hapo kwa mnara nimekubali.

Kipimajoto, saa 9:11 alasiri

Tangi nimeliachia. Mama wa mtoto je? Jumapili mtoto wa kunyonya yuko na baba kwenye spika, mama yuko wapi?

Mgeni wa Kimara, saa 9:30 alasiri

Nyumbani, amepumzika. Yeye kanisani anaenda Jumamosi.

Kifuniko cha Chungu, saa 9:31 alasiri

Hatimaye uzi umefika.

Mzee Kengele, saa 9:45 alasiri

Ndiyo maana bomani. Wachungaji wa Kisabato kwa kawaida hawafungishi ndoa ya Msabato na asiye Msabato, na kwenu walitaka afuate mafundisho yenu. Mkaenda kwa Mkuu wa Wilaya. Sasa na yeye anasemaje kuhusu tarehe 26?

Mgeni wa Kimara, saa 10:10 jioni

Mzee umegusa. Hajaambiwa rasmi. Ni nesi, Desemba ana zamu, atabaki Dar. Mimi na mtoto tutatangulia Moshi. Dada yangu atasimama badala ya mama kwenye ibada, usharika wa nyumbani wanamfahamu. Nikirudi nitamweleza taratibu. Mnisamehe, ila mtoto ni wa ukoo, babu yake alikuwa mzee wa kanisa, na maji hayamdhuru mtu. Nimeshalipia na tiketi.

Mama Pacha wa Tabata, saa 10:24 jioni

Kaka, nimekupangia begi la mtoto zima, kumbe ni begi la kumtorosha.

Achana na dhambi, tuzungumze karatasi. Cheti cha ubatizo kina mstari wa baba na mstari wa mama. Ukiandika jina la dada yako, mtoto ana mama wawili: mmoja kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, mwingine kanisani. Cheti hicho kitaombwa tena darasa la kipaimara, kitaombwa siku ya ndoa yake. Kila mara atakuwa anajieleza kwa katibu ambaye leo bado hajazaliwa. Ukiandika jina la mama yake halisi, mchungaji atauliza mama yuko wapi, na dada yako atajibu nini mbele ya beseni la maji?

Moto wa Jumatano, saa 10:31 jioni

Niliwaambia tangu jana. Ubatizo wa watoto ndio huu matokeo yake.

Mzee Kengele, saa 10:36 jioni

Wewe nawe. Watu wamebatiza watoto tangu zamani bila kumkimbia nesi.

Karani wa Shule ya Sabato, saa 11:02 jioni

Nimesoma toka juu, niseme moja ambalo hamjaligusa. Mleta mada aliuliza kanisa lenye nafasi ya mtoto wa miezi 16. Anakaa nyumba moja na jibu.

Kwa Wasabato darasa la watoto linaanza na wachanga. Kitengo cha kwanza ni cha tangu kuzaliwa mpaka miaka miwili mitatu, na mzazi anakaa naye ndani. Makanisa madogo huwaunganisha na wa chekechea, ila darasa lipo. Jumamosi asubuhi, kabla ya ibada kuu: mkeka au viti vidogo vya duara, nyimbo fupi za kupiga makofi, mwalimu ana vitu vya kushika (jani, jiwe, picha ya samaki), kila wimbo unarudiwa mara tatu nne kwa sababu mtoto wa umri huo anapenda anachokijua. Spika hakuna. Baba asiye Msabato anakaa na mwanawe bila kuulizwa cheti. Kinachoharibika mara nyingi ni muda. Wazazi wanafika ibada kuu ikianza, darasa limeshakwisha, mtoto anakutana na mahubiri ya saa 5 akiwa na usingizi, wanasema kanisa halina watoto.

Ubatizo wa mchanga hatuna, na mkeo hatakubali kirahisi, kwake ubatizo ni wa anayejua anachofanya. Ila tuna kubariki mtoto: wazazi wanakuja mbele, mchungaji anamwombea, hakuna maji, hakuna wasimamizi. Halimfungi mtoto popote.

Mzee Kengele, saa 11:20 jioni

Karani amesema vizuri, nami naongeza upande wangu. Kwa Walutheri ubatizo ni mara moja. Akibatizwa sasa, kisha akafuata kanisa la mama yake akiwa na miaka 12, watamzamisha upya, na pande mbili zitabishana juu ya kichwa chake. Asipobatizwa sasa, kwetu mlango haufungwi: wanabatizwa wa miaka mitano, wanabatizwa wanaoingia darasa la kipaimara, tena wengi. Mama yako ataumia mwaka huu. Mwambie ukweli kwa simu kabla ya Novemba, usimwache aalike ukoo. Wasimamizi nao waambie wewe mwenyewe.

Na jumuiya bado unaihitaji. Hiyo ya Kimara nenda wewe kama wewe. Ukiulizwa ndoa, sema bomani. Ukiulizwa mke, sema Msabato. Utakuwa si wa kwanza kwenye daftari lao.

Kipimajoto, saa 11:34 jioni

Bado naona chai. Ila ina sukari ya kutosha, nakunywa.

Mgeni wa Kimara, Jumatano saa 4:17 usiku

Nilichelewa kurudi, alikuwa zamu ya mchana, nikasubiri ale kwanza. Nimemwambia yote, na la dada. Kwa saa nzima hakunisemesha. Baadaye akauliza gauni limegharimu bei gani. Nikamtajia. Akauliza lina mikono mirefu au mifupi.

Jumamosi naenda darasa la saa 3 na mtoto, amesema atakaa benchi la nyuma anitazame. Jumapili jioni jumuiya ya Kimara Korogwe wanakutana kwa mama mmoja muuza nazi, mwenyekiti kanipa namba nikiwa bado nimesimama, kama mzee alivyosema. Mama yangu sijampigia.

Mama Pacha wa Tabata, saa 4:25 usiku

Mpigie kesho asubuhi, kabla hajaenda sokoni. Na uji usisahau, darasa la saa 3 mtoto atakuwa na njaa.

Kifuniko cha Chungu, saa 4:26 usiku

Na mbuzi?

Mgeni wa Kimara, saa 4:40 usiku

Yuko Machame. Anakula.